Mti Unaumwa na Nani? Kumjua Mdudu Kabla ya Kushika Bomba

Mama mmoja hapa Tanga alinipigia simu asubuhi: "Mwanangu, njoo utazame mkungu wangu, unalia." Nilipofika nikakuta kweli baraza lote linanata. Ukikanyaga, kandambili inagandia kwenye vigae na kubanduka kwa mlio. Kiti cha plastiki kilichokuwa cheupe kimeshika weusi kama wa sufuria ya kuni. Wiki mbili kabla, kijana mwenye bomba la mgongoni alikwishapita, akapuliza dawa mpaka pale bomba lilipofika, akalipwa, akaenda zake. Mti haukuacha kulia. Nikavuta tawi la chini, nikageuza jani, na mhusika alikuwa pale pale: nta nyeupe imechorwa mizunguko kama alama ya dole gumba kwenye karatasi ya benki, na katikati yake vidudu vyeupe vyenye mabawa vilivyopeperuka nilipogusa.

Mkungu huo tutaurudia. Nimeanza nao kwa sababu miti mingi ninayoitiwa huwa imekwishapigwa dawa kabla mtu yeyote hajageuza jani hata moja. Mwongozo huu umefuata dalili, yaani kile unachokiona ukiwa umesimama chini ya mti wako, halafu unakupeleka kwa mdudu. Miti yenyewe ni ile tunayopanda kwa kivuli na pambo majumbani, shuleni, misikitini na kando ya barabara: mkungu, mwembe, mnazi, mvinje, mkaratusi, mlusina, mkangazi, mvule, na nyua za fikasi na saiprasi.

Kwanza, je, ni mdudu kweli?

Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu kisha ukayapukutisha, na kwa kawaida hufanya hivyo zaidi ya mara moja kwa mwaka. Huo si ugonjwa. Kila mwaka naitwa kwa ajili ya mkungu mwekundu, na kila mwaka jibu langu ni fagio.

Jani lililokatwa ukingoni kipande cha duara, safi kama kwa mkasi, limekatwa na nyuki anayejengea kiota chake. Hali jani, na mti haupati hasara ya maana. Mwache, maana huyo huyo ndiye anayechavusha maua yako.

Kisha tazama madhara yamekaaje. Wadudu huanza mahali: tawi hili na si lile, upande huu, majani machanga na si makuukuu. Ukiona mti mzima unanyauka kwa pamoja, juu hadi chini, tazama ardhini kabla hujatazama majani. Je, kuna mtaro uliochimbwa mwaka jana ukakata mizizi? Saruji imemwagwa mpaka shingoni mwa shina? Kuna mtu anachoma taka chini yake? Maji ya kufulia yanamwagwa hapo kila siku? Mti ulioumizwa mizizi huvutia wadudu baadaye, kwa hiyo unaweza kumkuta mdudu kweli na bado asiwe chanzo.

Vifaa ni vichache: kisu kikali, karatasi nyeupe, tochi, na kamera ya simu ukivuta picha karibu. Mimi huongeza kioo kidogo cha kukuzia.

"Chini ya mti kunanata, na majani yana masizi"

Hii ndiyo dalili ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, na inastahili kuelezwa kwa urefu.

Yale matone si utomvu wa mti. Ni kinyesi kitamu cha wadudu wanaofyonza. Wanaingiza mdomo ulio kama sindano ndani ya jani au tawi, wanavuta maji ya mti yenye sukari nyingi na lishe kidogo, kisha sukari iliyozidi wanaitoa nyuma. Juu ya sukari hiyo huota ukungu mweusi, ndio yale masizi. Ukungu wenyewe hauli jani. Unalifunika tu likakosa jua. Kwa hiyo dawa ya ukungu haisaidii kitu hapa. Ukimwondoa mfyonzaji, masizi hukauka, hubanduka na kuoshwa na mvua.

Sasa mfyonzaji yupi? Fuata sisimizi. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda shina na kushuka, wanaenda kwenye malisho. Ufuate mpaka mwisho na utamkuta mmojawapo wa hawa wanne.

Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, hukusanyika kwenye ncha changa na chini ya majani machanga. Ni laini, ukiwabonyeza wanapasuka, na rangi yao ni kijani, nyeusi au kahawia.

Vidung'ata wamejipaka unga mweupe kama waliovingirishwa kwenye ngano. Hupenda kwapa za majani na vikonyo vya maua na matunda.

Wadudu magamba ndio wanaowapoteza watu, kwa sababu hawafanani na mdudu. Utaona vipele vya kahawia, vyeupe au vya kijivu vilivyoganda kwenye tawi au jani, havitembei. Kwenye mwembe kuna aina nyeupe inayoacha mabaka ya manjano juu ya jani na ya waridi juu ya embe. Hiyo haitoi matone ya kunata, ila madhara yake ni ya kufyonza vile vile. Kwangua kimoja kwa ukucha. Kikitoa majimaji, kiko hai. Kikiwa kikavu na kupukutika, kimekufa zamani na unachokiona ni ganda tu. Na kikiwa na tundu dogo la duara mgongoni, furahi: nyigu mdogo sana alitaga ndani yake, mtoto wake akamla mwenyeji kisha akatokea hapo. Tawi lenye matundu mengi ya namna hiyo linajitibu lenyewe, na mtu akilipuliza dawa anawaua waganga.

Nzi weupe ndio wale wa mkungu wa yule mama. Aina inayochora mizunguko ya nta chini ya jani inaupenda sana mkungu, mpera na msanapichi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na huku kwetu imeshakuwa mwenyeji.

Tulifanya hivi. Tulikata matawi ya chini yaliyolemewa, yale yaliyogusa paa na ukuta, maana ndiyo yalikuwa madaraja ya sisimizi. Majani tukayafunga kwenye mfuko mweusi na kuyaacha juani siku mbili kabla ya kuyatupa. Kisha tukapiga maji kwa mpira wenye nguvu kutoka chini kwenda juu, ili yapige tumbo la jani. Jioni tukapuliza maji ya sabuni: sabuni ya maji nusu kikombe cha chai, kama mililita 100, katika lita 10 za maji. Sabuni huua kwa kugusa tu. Pasipogusa hapafi mtu, kwa hiyo kazi yote ni kufikia upande wa chini wa jani. Tukarudia baada ya siku saba, mara tatu. Usitumie sabuni ya unga, inaunguza majani. Na hata sabuni ya maji ijaribu kwanza kwenye tawi moja, usubiri siku mbili.

Shinani tulifunga kitambaa, juu yake plastiki, juu ya plastiki tukapaka grisi nzito upana wa kiganja. Usipake grisi kwenye gome lenyewe; inaua gome la mti mchanga. Utepe huo ndio uliomaliza kazi. Sisimizi huwalinda wafyonzaji kwa ajili ya ile sukari, wanawafukuza mende wadogo wa duara wenye madoa na mabuu wengine wanaowala. Ukiwakatia njia, walaji wanarudi. Kufikia mwezi wa pili tangu tuanze, baraza lilikuwa kavu, na majani mapya yalitoka safi.

Ile dawa ya kwanza ilishindwa kwa sababu mbili. Ilipigwa juu ya majani, na wadudu wako chini. Na pale ilipogusa, ilimaliza walaji kabla ya wanaoliwa. Jambo hili lina historia ndefu. Kule California, Marekani, mashamba ya michungwa yalikaribia kuangamizwa na mdudu gamba kutoka Australia, yule ambaye jike lake hubeba mto mweupe wa mayai kama pamba, na ambaye leo tunamkuta kwenye mivinje na milimau yetu. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele alitumwa Australia akapeleka mende wadogo wekundu wanaomla, na kufikia mwisho wa 1889 michungwa ilikuwa imeokoka. Miaka ya 1940 wakulima wa huko walianza kupiga DDT, dawa kali ya kuua wadudu, kwa ajili ya wadudu wengine, wale mende wakafa, na mdudu wa pamba akarudi kwa kishindo. Ukiona mito ya pamba kwenye mvinje wako, angalia kwanza kama kuna mende wekundu wenye mabaka meusi katikati yake. Wakiwepo, weka bomba chini.

Kuna chungu mmoja nataka umtofautishe na sisimizi wa kawaida: majimoto, yule mwekundu anayeshona majani kuwa kiota na kuuma vibaya. Yeye pia hufuga baadhi ya wadudu magamba, lakini ni mwindaji mkubwa. Kwenye minazi ya Zanzibar na pwani yote huku, mnazi wenye majimoto hupona dhidi ya yule kunguni wa minazi anayefyonza maua na vidaka mpaka nazi zinadondoka changa. Kama mnazi au mwembe wako una majimoto na hawawasumbui watoto, usiwachome.

"Majani yamejikunja" au "yana vinundu"

Uzio wa fikasi ndio mgonjwa mkuu hapa. Jani changa limekunjika kwa urefu kwenye mshipa wa kati kama sambusa, lina vidoa vya zambarau. Lifungue kwa vidole, taratibu. Ndani utakuta vidudu vyeusi vyembamba, urefu kama milimita tatu, wananyanyua mkia wakikasirika, pamoja na watoto wao wa manjano na mayai. Hawa ni vithiripi. Jani lililokunjika ni nyumba yao, na dawa ya kupuliza haiingii ndani ya nyumba iliyofungwa. Kinachofanya kazi ni mkasi: punguza ncha zote zilizokunjika, zifunge kwenye mfuko siku hiyo hiyo, na usiziache chini ya uzio. Machipukizi mapya yakitoka, yapulizie maji ya sabuni au mwarobaini kabla hayajakunjwa. Fikasi iliyopogolewa kila wiki ili ionekane nadhifu hutoa machipukizi bila kukoma, na machipukizi ndiyo chakula chao. Pogoa kwa nafasi.

Mlusina ukiwa na ncha zilizodumaa, za manjano, na ukiutikisa wanaruka vidudu vya kijani-manjano vidogo kuliko punje ya mtama, huyo ni mruka-mlusina aliyetoka Amerika na kufika Afrika Mashariki mwaka 1992. Wakati ule watu walidhani milusina yote imekwisha. Mti mkubwa hunyong'onyea kisha huchipua tena, hasa mvua zikija. Kwa pambo au kivuli sioni haja ya kupoteza fedha juu yake.

Mkaratusi una vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo, vinaanza kijani, vinakuwa vyekundu-waridi, mwisho kahawia vyenye matundu. Pasua kimoja kwa kisu na utaona chumba chenye buu mweupe. Ni nyigu mdogo wa Australia, urefu wake kama milimita moja tu, aliyeingia Kenya na Uganda mapema miaka ya 2000 kisha akafika Tanzania. Miche na machipukizi ya kisiki ndiyo huumia; mti mkubwa hustahimili. Hapa pia dawa ya kupuliza haimfikii buu. Kabla ya kununua miche ya mkaratusi, pitisha kidole kwenye mishipa ya majani. Kitalu chenye vinundu, ondoka mikono mitupu.

Mvule nao una vinundu vyake, vikubwa zaidi na vyenye maji, kwenye vichipukizi. Mdudu hutaga kwenye chipukizi, mtoto wake hupenya ndani, tishu inavimba na kumfunika. Akishakomaa kinundu kinapasuka, kinaoza, na ncha yote inakufa. Ndiyo maana ukipanda mivule mingi pamoja mahali pa wazi, inabaki vichaka kwa miaka. Aliyefanikiwa aliipanda mmoja mmoja, chini ya kivuli chepesi cha miti mingine, ikajitafutia mwanga taratibu. Kwa uwanja wa shule, mvule mmoja kati ya miti mchanganyiko una nafasi nzuri kuliko safu ya ishirini.

"Ncha imekauka, mti uko hai"

Mkangazi mchanga, mwaka wa kwanza hadi wa nne hivi: kileleni kumekauka, pembeni pa ncha kuna tundu lenye unga wa kahawia uliogandamana kwa utomvu. Pasua ncha kwa urefu, utamkuta kiwavi ndani ya njia yake. Ni mtoto wa nondo anayeshambulia mikangazi na jamaa zake. Mti haufi, ila unatoa machipukizi mengi pale ulipokatika na kuwa na panda, na mti wa barabarani wenye panda chini ni hatari ukikua. Kata mpaka kwenye mti mweupe wenye afya, chini ya mwisho wa njia ya kiwavi. Choma kipande hicho. Yakitoka machipukizi, acha moja lililo imara na lililonyooka, mengine yang'oe yakiwa laini. Kivuli cha pembeni kinapunguza mashambulizi. Mkangazi uliosimama peke yake juani hushambuliwa zaidi.

Uzio wa saiprasi Lushoto, Njombe, au Limuru kule Kenya, ukianza kuwa kahawia kutokea ndani kwenda nje, usikimbilie kusema ni ukame. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu kwa kiganja. Wakidondoka vidukari wa kijivu-kahawia wenye miguu mirefu, umempata. Mate yao yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi hufa hata mahali wadudu wenyewe ni wachache. Huyu alionekana Malawi mwaka 1986 na kufikia 1990 alikuwa Kenya, akikausha nyua na mashamba ya saiprasi. Mwaka 1994 Malawi iliachilia nyigu mdogo kutoka Ulaya anayetaga ndani ya kidukari huyo. Wewe uliye na uzio, pogoa sehemu zilizokufa mpaka penye ukijani, kwa sababu saiprasi haichipui kutoka kwenye tawi lililokauka kabisa. Msimu wa kiangazi ndio wanapoongezeka, hivyo kagua kabla ya kiangazi na upige sabuni mapema kwa ndani, si kwa nje tu. Ukame nao hukausha, lakini huanzia ncha za nje, na karatasi inabaki nyeupe.

"Kuna mashimo na unga shinani"

Futa unga wote kwa brashi. Rudi kesho. Kukiwa na unga mpya, kipekecha yuko ndani anakula. Kukiwa safi, shimo ni la zamani na ameshaondoka. Jaribio hili halina gharama, na limeokoa watu wengi na dawa isiyo na kazi. Tundu likiwa hai, mimi hutumia spoku ya baiskeli iliyonyooshwa, naiingiza mpaka nihisi ulaini, naisokota. Kisha naziba kwa nta au udongo wa mfinyanzi ili nijue akifungua tena. Vipekecha wengi huchagua mti uliodhoofika: uliojeruhiwa na panga, uliogongwa na gari, uliokaa na kiu. Tibu udhaifu huo, maana ukimtoa mmoja na kuuacha mti na kiu, atakuja mwingine.

Mnazi una mambo yake na lazima nikae hapa kidogo. Kuti likifunguka na kuonekana limekatwa kama kwa mkasi, pengo la umbo la V pande zote mbili, huyo ni chonga, mende mkubwa mweusi mwenye pembe. Alipita usiku kwenye kuti likiwa bado limekunjwa kileleni, na leo unaona kovu la kazi ya wiki kadhaa nyuma. Tazama kwapa za makuti machanga: tundu la kuingiza kidole, lenye nyuzi zilizotafunwa zikichungulia nje, maana yake yumo au alikuwemo juzi. Wazee wa pwani hutumia waya wenye ndoano kumchomoa, na mpaka leo sijaona njia nzuri kuliko hiyo kwa minazi michache ya nyumbani.

Ila usimtafute mtoto wa chonga kwenye mnazi hai. Buu lake, lenye miguu na lililojikunja kama herufi C, linakaa kwenye magogo ya minazi yanayooza, lundo la samadi, takataka za mbao. Nimewahi kuona nyumba yenye minazi saba inayokatwa katwa na chonga kila mwezi, na nyuma ya choo kuna gogo la mnazi uliokatwa miaka miwili nyuma. Tulipolipasua gogo, mabuu yalijaza ndoo ndogo. Kuku walimaliza yote kabla ya adhuhuri.

Ukikuta buu nene jeupe lisilo na miguu kabisa ndani ya mnazi hai, hali ni mbaya zaidi. Huyo ni fukusi wa minazi. Mkubwa wake ni mweusi, ana mistari miwili myekundu mgongoni karibu na kichwa, na pua ndefu. Hutaga kwenye majeraha, na tundu la chonga ni jeraha zuri kwake. Kilele kikilegea, kikatoa harufu ya kuchacha na ukiweka sikio unasikia mtafuno, mnazi huo hauponi. Ukate, upasue, uchome kilele siku hiyo. Na kwa sababu hiyo hiyo usimruhusu mgema au mpanda minazi akate ngazi kwa panga kwenye shina la mnazi wa pambo.

"Udongo umepanda shinani"

Mchwa wanaojenga shuka ya udongo juu ya gome la mti mkubwa, mara nyingi wanakula gome lililokufa tu. Bandua udongo. Gome la chini likiwa zima na kijani ukilikwaruza, hakuna dharura. Kwa mche ni tofauti: mgrivea au mkaratusi wa mwaka mmoja ulionyauka ghafla asubuhi, na ukiuvuta unatoka bila mzizi, mchwa wameukata chini ya udongo. Mche huo umekwenda. Iliyobaki inywe maji, na matandazo makavu yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja pande zote.

Watu huniuliza juu ya chokaa tunayopaka mashina kando ya barabara. Inapendeza, na njia ya mchwa inaonekana upesi juu ya weupe. Haimfikii mdudu aliye kwenye majani.

"Majani yameliwa"

Tazama chini kabla ya juu. Punje nyeusi zilizotapakaa kwenye saruji ni kinyesi cha viwavi. Kilipo kinyesi kibichi, kiwavi yuko juu yake moja kwa moja. Kama hakuna punje, rudi saa mbili usiku na tochi, maana mende wengi wala majani hula usiku na mchana hujificha ardhini. Vifuko vya vijiti vinavyoning'inia kama mapambo vina kiwavi ndani: vichume kwa mkono, uvitie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mti mkubwa wenye afya ukiliwa majani yote mara moja huyarudisha. Viwavi wakiwa wadogo kuliko ukucha, dawa ya bakteria ya Bt inawamaliza bila kugusa nyuki. Wakishakuwa wakubwa kama kidole wamekaribia kuacha kula, na dawa imechelewa.

Ukilazimika kutumia dawa

Mbegu za mwarobaini: gramu 500 za kiini kilichotwangwa kwa lita 10 za maji, loweka usiku, chuja, tia sabuni kidogo, piga jioni siku hiyo hiyo kwani jua huiharibu. Haiui papo hapo. Inamzuia mdudu kula na kukua, kwa hiyo mpe wiki.

Dawa ya dukani ikiwa haijasajiliwa na TPHPA, mamlaka ya Tanzania ya afya ya mimea na viuatilifu, au na PCPB, bodi ya viuatilifu, kwa Kenya, au lebo yake haitaji mdudu wako, irudishe rafuni. Usipige mti ulio na maua. Dawa ile inayonyonywa na mti na kusambaa mwilini huingia mpaka kwenye chavua na asali, na kwa mwembe huweza kuingia kwenye embe. Mti mrefu kuliko bomba lako usiupulize: nusu ya dawa itakurudia usoni, nusu nyingine itaenda kwenye ndoo ya maji ya jirani.

Ukishindwa kumtambua, chukua sampuli mbili. Majani na matawi yenye dalili yafunge kwenye gazeti kavu, si plastiki, yasije yakaoza njiani. Mdudu mwenyewe, na mabuu kama wapo, mtie kwenye kichupa cha spiriti. Andika jina la mti, mahali, tarehe, na sehemu ya mti alipokaa. Miti ya mbao na kivuli ipeleke kwenye taasisi ya utafiti wa misitu: TAFORI Morogoro, au KEFRI Muguga ukiwa Kenya. Mnazi upeleke kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI Mikocheni, Dar es Salaam. Piga pia picha ya mti mzima kutoka mbali, kwa sababu mtaalamu atakuuliza madhara yameanzia upande gani.